Kusoma Umbo la Molekuli na Chembe kwa Mtawanyiko wa Eksirei na Uigaji wa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Protini iliyo majini haikai tuli kama picha yake ya kitabuni. Inazunguka, mikia yake inachezacheza, na wakati mwingine mbili hushikana kisha zikaachana. Mtawanyiko wa eksirei kwa pembe ndogo, unaofupishwa SAXS, huipima hapo hapo ilipo, ndani ya mmumunyo, bila kuigandisha wala kuigeuza fuwele. Ndivyo ilivyo pia kwa chembe za silika, dhahabu au mafuta zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100.

Lakini kipimo hiki kina umaskini wake, na ni afadhali kuujua kabla ya kushika pipeti. Idadi ya namba huru zilizomo kwenye mkunjo mmoja wa mtawanyiko, yaani grafu ya kipimo, ni takriban Dmax × (qmax − qmin) ÷ π, ambapo Dmax ni urefu mkubwa kuliko wote wa molekuli na q ni kipimo cha pembe ya mtawanyiko, kinachoelezwa hapa chini. Kwa protini yenye urefu wa angstromu 80 (angstromu, Å, ni sehemu ya kumi ya nanomita) iliyopimwa kuanzia q 0.01 hadi 0.30 Å⁻¹, hesabu hiyo inatoa 7. Namba saba tu, ilhali protini yenyewe ina maelfu ya atomu. Uigaji wa kompyuta huja kuziba pengo hilo: fizikia ya atomu husema yale ambayo kipimo hakikusema. Hatari nayo iko papo hapo, kwa kuwa namba saba hukubaliana na maumbo mengi, ya kweli na ya uongo, na mkunjo uliochafuliwa na bafa (mmumunyo ambamo protini imeyeyushwa) isiyolingana utapata tu modeli ya kulingana nao. Ndiyo sababu hapa tunakaa sana kwenye sampuli na kutoa bafa, kazi ambazo wengi huzipita mbio ili wafike kwenye kompyuta.

Kinachopimwa

Eksirei hutawanywa na elektroni. Molekuli huonekana kwa kuwa msongamano wa elektroni zake ni tofauti na wa maji: maji yana elektroni 0.334 kwa kila angstromu moja ya ujazo, protini takriban 0.43. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ishara yote uliyo nayo.

Detekta hurekodi nguvu ya mtawanyiko, I, dhidi ya q, ambapo q = 4π sin θ ÷ λ. Pembe ya mtawanyiko ni 2θ, na λ ni urefu wa wimbi la eksirei. Umbali d ndani ya sampuli hujitokeza karibu na q = 2π ÷ d, kwa hiyo q ndogo inaeleza ukubwa wa molekuli nzima na q kubwa inaeleza mambo madogo ya ndani. Chunga vipimo: programu nyingine hutumia Å⁻¹, nyingine nm⁻¹, na kati yao kuna mara 10. Faili ikisomwa kwa kipimo kisicho chake, molekuli hutoka kubwa mara kumi au ndogo mara kumi, na hata wazoefu huangukia hapo.

Ili uone jinsi pembe hizi zilivyo finyu: kwa eksirei za shaba, zenye λ ya angstromu 1.54, q ya 0.01 Å⁻¹ ni pembe ya nyuzi 0.14. Detekta ikiwa mita 1 kutoka kwenye sampuli, hiyo ni milimita 2.45 tu kutoka katikati ya mwale. Kizuizi kinacholinda detekta dhidi ya mwale wenyewe lazima kiishie ndani ya hapo, la sivyo kinaziba data unayoitafuta. Kanuni ya kuchagua umbali wa detekta ni kwamba qmin isizidi π ÷ Dmax. Ukianzia 0.01 Å⁻¹, mwisho wako ni kitu chenye urefu wa angstromu 314.

Sampuli ndiyo nusu ya kazi

Nguvu ya mtawanyiko wa kila chembe hufuata mraba wa ujazo wake. Protini mbili zilizoshikana hutawanya mara nne ya moja, na chembe duara yenye nusukipenyo mara mbili hutawanya mara 64. Piga hesabu: katika chembe 100, moja tu ikiwa na nusukipenyo mara mbili, hiyo moja inabeba asilimia 39 ya ishara kwenye pembe ya sifuri. Ndiyo maana mabonge machache, ambayo jeli ya elektroforesisi haiyaonyeshi kabisa, huharibu kipimo kizima.

Pima pia nguvu ya ishara yako kabla ya kwenda. Albumini ya damu ya ng'ombe, yenye kilodaltoni 66.4, ikiwa na ukolezi wa miligramu 1 kwa mililita hutoa I(0), yaani nguvu ya mtawanyiko kwenye pembe ya sifuri, ya takriban 0.047 cm⁻¹. Maji matupu kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hutoa 0.0163. Lisozaimu, yenye kilodaltoni 14.3, kwa ukolezi huo huo hutoa 0.010 tu, yaani chini ya maji yanayoizunguka. Kwa hiyo protini ndogo huhitaji miligramu 5 au zaidi kwa mililita, na zile za kilodaltoni 100 kwenda juu hutosheka na 1.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Pitisha protini kwenye kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa siku hiyo hiyo au siku moja kabla ya kupima. Usichukue kilele kizima cha protini inayotoka. Chukua katikati yake, uache mabega. Sampuli iliyogandishwa na kuyeyushwa irudi kwenye kolamu, kwa sababu kuganda huzaa mabonge.

2. Tumia bafa nyepesi: milimola 20 kwa lita za HEPES au Tris, na chumvi ya kawaida milimola 100 hadi 150. Chumvi hufunika chaji za umeme zinazofanya molekuli zisukumane. Ongeza gliseroli asilimia 3 hadi 5 ili kunasa radikali zinazozaliwa eksirei zinapopasua maji. DTT, kemikali inayozuia oksidisho, husaidia pia kwa milimola 1 hadi 2, ila iliyooksidika hufyonza mwanga wa nanomita 280 na kukudanganya kuhusu ukolezi. TCEP, ya kazi hiyo hiyo, haina shida hiyo.

3. Linganisha bafa. Hii ndiyo hatua isiyosamehe. Fanya dayalisisi (sampuli ndani ya mfuko wa utando uliozamishwa kwenye bafa) ya usiku kucha yenye kubadilisha bafa mara mbili, kisha kimiminika cha nje ndicho kiwe bafa yako ya kipimo. Au tumia kimiminika kilichotoka kwenye kolamu yenyewe kabla ya kilele. Bafa iliyochanganywa upya kwa vipimo vile vile vya karatasini haitoshi, kwani tofauti ndogo ya chumvi au gliseroli inatosha kuzidi ishara ya protini kwenye q kubwa.

4. Ukikoleza kwa kichujio cha sentrifuji, kioshe kwanza kwa bafa mara mbili au tatu. Utando wake huja na gliseroli ya kuukinga usikauke, nayo hutoka taratibu. Kilichopita chini ya kichujio baada ya kuosha ni bafa nzuri ya kulinganisha.

5. Tengeneza mfululizo wa ukolezi, kwa mfano miligramu 1, 2, 5 na 10 kwa mililita, ukizimua kwa bafa ile ile iliyolinganishwa.

6. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 hadi 15 kwa g 14,000 au zaidi muda mfupi kabla ya kupima, kisha nyonya kutoka juu bila kugusa chini.

7. Pima ukolezi baada ya sentrifuji, mara tatu. Kosa la asilimia 10 kwenye ukolezi ni kosa la asilimia 10 kwenye uzito wa molekuli utakaoupata.

Protini za utando zilizo ndani ya sabuni ni somo gumu zaidi, kwa kuwa vifuko vya sabuni navyo hutawanya, na idadi ya vifuko vitupu kwenye sampuli hailingani na ile ya kwenye bafa. Kwa hizo tumia kolamu iliyounganishwa moja kwa moja na mwale wa eksirei, na usipoteze muda na sampuli za vikombe zinazopimwa moja moja.

Kupima

Mashine ya maabara hutoa mkunjo wa kutegemeka kwa dakika 15 hadi 60. Sinkrotroni, kiharakishi kikubwa cha elektroni kinachotoa eksirei kali, yenye fotoni zaidi ya 10¹² kwa sekunde, hufanya hivyo kwa sekunde chache. Vituo kama BM29 kwenye ESRF huko Grenoble, B21 kwenye Diamond nchini Uingereza na P12 kwenye PETRA III huko Hamburg vimejengwa mahsusi kwa molekuli za kibiolojia zilizo kwenye mmumunyo, na muda wa kupima huombwa kwa pendekezo la utafiti. Ujazo unaohitajika ni mikrolita 30 hadi 60 kwa kila ukolezi.

Anza kwa kurekebisha mhimili wa q. Unga wa behenati ya fedha una tabaka zenye umbali wa angstromu 58.38, kwa hiyo pete yake ya kwanza lazima iangukie kwenye 0.1076 Å⁻¹. Isipoangukia hapo, umbali wa detekta ulioingizwa kwenye programu si sahihi. Kisha pima maji na kapilari (mrija mwembamba wa kushikia sampuli) tupu. Tofauti ya hivyo viwili ikiwekwa sawa na 0.0163 cm⁻¹ unapata kipimo kamili cha nguvu, na uzito wa molekuli unaweza kuhesabiwa.

Kapilari ya milimita 1 hadi 1.5 inafaa kwa eksirei za kiloelektronivolti 8, kwa kuwa milimita 1 ya maji hupitisha takriban theluthi moja ya mwale. Ukiifanya nene zaidi, maji hufyonza kile ulichokuja kukipima.

Pima bafa, halafu sampuli, halafu bafa tena, vyote ndani ya kapilari moja na kwa jotoridi moja. Bafa mbili zisipolaliana, kapilari imepata uchafu: ioshe na uanze tena, kwa sababu hakuna hesabu itakayorekebisha hilo baadaye. Gawanya muda wa kupima kuwa fremu nyingi fupi, kwa mfano fremu 10 hadi 20 za sekunde 0.5 hadi 1 kwenye sinkrotroni, huku sampuli ikitiririka. Linganisha kila fremu na ya kwanza. Fremu zinazoanza kupanda kwenye q ndogo zinaonyesha protini inayoshikana kwa kuungua na mionzi. Zitupe hizo na zote zilizofuata, kisha upate wastani wa zilizobaki.

Ikiwa protini yako hushikana na kuachana kila mara, tumia njia ya kolamu: mikrolita 50 hadi 100 zenye miligramu 5 hadi 10 kwa mililita huingia kwenye kolamu, na eksirei hupiga kinachotoka mfululizo. Ndani ya kilele, Rg ya kila fremu, yaani nusukipenyo cha mzunguko kinachoonyesha ukubwa wa molekuli, ichorwe. Sehemu iliyo tambarare ndiyo ya kuchukua. Rg ikiteremka kutoka kushoto kwenda kulia, kilele kina zaidi ya kitu kimoja.

Kutoa bafa

Kila mkunjo ugawe kwanza kwa kiasi cha mwale uliopita kwenye sampuli, ndipo utoe bafa. Kwa sampuli yenye ukolezi mkubwa, zingatia pia kwamba protini imechukua nafasi ya maji. Kwa miligramu 10 kwa mililita ni takriban asilimia 0.7 ya ujazo, kiasi kidogo ambacho kwenye q kubwa huonekana.

Dalili za kosa zinajulikana. Mkunjo ukishuka chini ya sifuri kwenye q kubwa, umetoa bafa kupita kiasi. Ukibaki juu ukiwa bapa, umetoa pungufu, na hili ni baya zaidi kwa sababu halionekani kuwa kosa. Mabaki ya bafa hufanya mchoro wa Kratky, unaoonyesha kama protini imejikunja na unaoelezwa hapa chini, upande mwishoni, sawasawa na protini isiyojikunja. Matokeo mengi ya "protini inayonyumbulika" huzaliwa hapa. Usirekebishe kwa kuzidisha bafa na namba ya kubahatisha mpaka grafu ipendeze. Rudi kwenye dayalisisi.

Soma mkunjo kabla ya kujenga modeli

Kanuni ya Mfaransa André Guinier inasema kwamba kwenye q ndogo, ln I(q) dhidi ya q² ni mstari ulionyooka wenye mteremko wa −Rg² ÷ 3. Rg ni nusukipenyo cha mzunguko, na mahali mstari unapokata mhimili ndipo I(0). Kwa protini iliyojikunja, tumia q mpaka pale q × Rg inapofika 1.3. Kwa ndefu kama fimbo au zisizojikunja, ishia 1.0 au chini yake.

Angalia mabaki, yaani tofauti kati ya data na mstari. Yakitawanyika bila mpango, vizuri. Yakijipinda kama bakuli, pembe zikiwa juu, kuna mabonge, na suala hilo linamalizwa kwa kolamu. Kufuta pointi za mwanzo mpaka mstari unyooke ni kuficha mabonge, kwani athari yake inaenea kwenye mkunjo wote. Yakijipinda kama bakuli lililogeuzwa, molekuli zinasukumana: ongeza chumvi au punguza ukolezi. Chora Rg na I(0) ÷ ukolezi dhidi ya ukolezi. Zikibadilika, vuta mstari mpaka ukolezi wa sifuri, au unganisha q ndogo kutoka kwenye sampuli nyembamba na q kubwa kutoka kwenye iliyokolea.

Kisha Kratky isiyo na vipimo: (q Rg)² × I(q) ÷ I(0) dhidi ya q Rg. Protini ya mviringo iliyojikunja hutoa kilele kwenye 1.73 chenye urefu wa 1.10. Kilele kikihamia kulia na juu, molekuli ni ndefu au ina sehemu legevu. Kisiposhuka kabisa, haijajikunja, au bafa haikutoka yote.

Mgawanyo wa umbali, P(r), hupatikana kwa programu ya GNOM iliyo ndani ya kifurushi cha ATSAS, au kwa BioXTAS RAW. Ongeza Dmax hatua kwa hatua hadi P(r) ishuke taratibu na kugusa sifuri. Ikikatika ghafla, Dmax ni fupi mno. Ikiwa na mkia mrefu mwembamba unaoyumba, ni ndefu mno au kuna mabonge. Rg ya hapa ilingane na ya Guinier. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia chache, simama hapo utafute sababu.

Mwisho, uzito. Kwa njia ya ujazo wa Porod, yaani ujazo wa molekuli unaokadiriwa kutoka kwenye mkunjo, gawa ujazo huo ulio kwa angstromu za ujazo kwa 1.6 upate daltoni kwa makadirio. Linganisha na uzito unaotokana na I(0). Njia mbili zikikubaliana kwamba una pacha wakati ulitarajia moja, ziamini.

Uigaji wa molekuli

Modeli ya kuanzia iwe na kila kitu kilichokuwemo kwenye kikombe. Fuwele huacha vitanzi visivyoonekana, na mkia wa histidini sita pamoja na kiunganishi chake hausahauliki kwenye SAXS hata kidogo. Jenga sehemu zinazokosekana. Modeli ya AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini, ni mwanzo mzuri kwa sehemu zilizojikunja, lakini zile nyuzi ndefu zenye alama ya chini ya uhakika si umbo. Ni alama tu kwamba programu haikujua pa kuziweka.

Kwa protini ya kilodaltoni 50 yenye kipenyo cha nanomita 6, katika GROMACS, programu ya uigaji wa molekuli, hatua ni hizi. Weka kisanduku chenye nanomita 1 ya nafasi kila upande, yaani mchemraba wa nanomita 8. Kinabeba molekuli za maji takriban 15,000. Kisanduku cha dodekahedroni hupunguza ujazo kwa asilimia 29 bila kupunguza umbali kati ya nakala jirani, na muda wa kompyuta hupungua pia. Ongeza ioni zinazosawazisha chaji, kisha chumvi ya ukolezi ule ule wa bafa. Kwa milimola 150 ni jozi 40 hivi. Punguza nishati hadi kani kubwa kuliko zote ishuke chini ya 1,000 kJ/mol/nm. Pasha kwa pikosekunde 100 ukiwa umezishikilia atomu za protini, halafu sawazisha kanieneo kwenye bari 1 kwa nanosekunde 1. Uigaji wenyewe uwe na hatua za femtosekunde 2 na vifungo vinavyoshika atomu za haidrojeni vikiwa vimefungwa urefu wake kwa kanuni ya LINCS.

Endesha angalau nakala tatu zinazoanza na kasi tofauti za atomu, nanosekunde 500 kila moja. Njia moja ndefu ni rahisi kukwama kwenye umbo moja ukadhani ndilo pekee.

Uchaguzi wa modeli ya kani, yaani fomula za nguvu kati ya atomu, hubadilisha jibu. Kwa protini zilizojikunja, CHARMM36m na familia ya Amber hufanya vizuri. Kwa zisizojikunja, modeli za zamani pamoja na modeli ya maji ya TIP3P hukunja mnyororo kupita kiasi, Rg ikatoka ndogo kuliko kipimo. Maji ya TIP4P-D au modeli ya a99SB-disp yalitengenezwa kutibu hilo. Kwa mnyororo ulio wazi, kisanduku kipimwe kwa umbo lililonyooka, la sivyo protini itagusana na nakala yake yenyewe kupitia ukuta.

Protini kubwa zenye viungio vilegevu huzidi uwezo wa atomu kamili. Martini, modeli inayounganisha atomu kadhaa kuwa shanga moja, huharakisha sana, ila protini hizo nazo hujibana mno. Dawa inayotumika ni kuongeza nguvu ya mvuto kati ya protini na maji kwa asilimia chache mpaka mkunjo ulingane.

Kabla ya kuhesabu chochote, unganisha molekuli iliyokatwa na mipaka ya kisanduku kwa `gmx trjconv -pbc whole`, na kwa protini zenye minyororo kadhaa hakikisha kwa macho kwamba zimebaki pamoja. Chora Rg dhidi ya muda. Mruko wa ghafla wa nanomita kadhaa ndani ya fremu moja ni ukuta wa kisanduku. Protini haitembei hivyo.

Kulinganisha uigaji na kipimo

Usilinganishe Rg ya `gmx gyrate`, amri ya GROMACS, moja kwa moja na Rg ya Guinier. Ya kwanza hupima uzito wa atomu za protini pekee. Ya pili huona pia ganda la maji lililobana juu ya uso, na kwa protini ndogo ya mviringo huzidi kwa angstromu 1 hivi. Hesabu mkunjo kamili kutoka kwenye kila fremu, kwa programu za CRYSOL au FoXS, fremu moja kwa kila nanosekunde. Pata wastani wa mikunjo. Wastani wa miundo ni kosa, kwa sababu muundo wa wastani ni umbo ambalo molekuli haikuwahi kuwa nalo.

CRYSOL na FoXS huruhusu kurekebisha ujazo wa maji yaliyohamishwa na msongamano wa ganda la maji. CRYSOL huanza na ganda lenye ziada ya elektroni 0.03 kwa angstromu ya ujazo. Kwa fremu maelfu, weka thamani moja kwa zote. Ukiacha kila fremu ijichagulie, hata umbo potofu litajipatanisha na data. Thamani ikijibana kwenye kikomo chake, ni onyo kuhusu bafa au modeli. Ukitaka q zaidi ya 0.5 Å⁻¹, tumia njia zinazohesabu maji kwa atomu, kama WAXSiS.

Kipimo cha ukaribu ni khi-mraba iliyogawanywa kwa idadi ya pointi. Karibu na 1 ni vizuri, mradi makosa ya kipimo, σ, yamekadiriwa kwa haki. σ zikiwa kubwa mno kila modeli hupita, zikiwa ndogo mno hakuna inayopita. Kwa hiyo chora daima (I ya data − I ya modeli) ÷ σ dhidi ya q. Wimbi linaloonekana kwa macho kwenye mabaki linakataa modeli hata khi-mraba ikiwa 1.0.

Wastani wa uigaji ukikosa data kidogo tu, gawa uzito, yaani kiwango cha mchango wa kila fremu, upya kwa fremu kwa njia ya entropia ya juu. Inatafuta uzito unaopunguza khi-mraba bila kwenda mbali na uzito wa awali, na kigezo θ (si ile pembe ya awali) huamua unaamini upande gani zaidi. Jaribu θ nyingi, chora khi-mraba dhidi ya sehemu ya fremu zinazobaki kufanya kazi, uchague pale mkunjo unapovunjika kiwiko. Sehemu hiyo ikianguka chini ya 0.1, maana yake fremu chache zimebebeshwa mzigo wote. Hapo uigaji haukulitembelea umbo la kweli, na kinachohitajika ni modeli nyingine ya kani au uigaji mrefu zaidi.

Chembe: silika, dhahabu na nyinginezo

Kwa chembe ngumu hesabu ni nyepesi, na programu ya SasView inatosha kwa mengi. Mtawanyiko wa duara lenye nusukipenyo R hufika kwenye shimo lake la kwanza pale q × R = 4.493, na Rg yake ni 0.775 R. Silika yenye nusukipenyo cha nanomita 10, yaani angstromu 100, itatoa shimo kwenye 0.045 Å⁻¹, na eneo lake la Guinier litaishia 0.0168. Panga umbali wa detekta kwa namba hizo.

Msongamano wa mtawanyiko (nguvu ya kutawanya eksirei kwa kila ujazo) wa silika ni takriban 18.8 × 10⁻⁶ Å⁻², wa maji 9.4, na wa dhahabu unazidi 120. Polistirini iko karibu 9.6. Chembe za polistirini ndani ya maji ni karibu hazionekani kwa eksirei, na si wachache waliozipeleka kwenye mashine wakarudi na maji matupu.

Kutolingana kwa ukubwa hufuta mashimo. Upana wa asilimia 5 huacha kadhaa wazi. Ukifika 15 hadi 20 mkunjo umelainika. Hapo R na upana huvutana, kwa hiyo leta kipimo cha pili, picha za hadubini ya elektroni kwa mfano, na ufunge kimojawapo.

Ukolezi nao usipuuzwe. Kwa duara ngumu zisizovutana, I(0) huzidishwa kwa (1 − φ)⁴ ÷ (1 + 2φ)², φ ikiwa sehemu ya ujazo. Asilimia 1 tu ya ujazo huishusha kwa asilimia 8. Asilimia 5 huishusha kwa theluthi. Zenye chaji huathirika hata kwa ukolezi mdogo zaidi. Zimua mpaka umbo la mkunjo lisibadilike tena.

Kwa maumbo yasiyo na fomula, kama chembe yenye tundu au mnyororo wa chembe, tumia fomula ya Debye ya 1915: jumlisha sin(qr) ÷ (qr) kwa kila jozi ya pointi. Jaza umbo kwa pointi 10,000 za kubahatisha. Jozi ni milioni 50, nazo zipange kwanza kwenye histogramu ya umbali ili usirudie hesabu kwa kila q. Usizipange kwenye gridi, kwa sababu gridi yenye nafasi b hutoa kilele bandia kwenye 2π ÷ b. Pointi za kubahatisha nazo zina sakafu: mchango wa kila pointi na yenyewe ni sehemu moja kwa 10,000 ya I(0), nao hufunika ishara ya duara inapofika q × R ya 15 hivi. Utoe mchango huo, au ongeza pointi.

Cha kuhifadhi

Hifadhi picha ghafi za detekta, mikunjo ya bafa kabla ya kutoa, ukolezi na namna ulivyopimwa, jotoridi, na mfuatano kamili wa protini pamoja na mikia. Upande wa uigaji, hifadhi faili za kuanzia, modeli ya kani na toleo la programu, fremu zilizotumika pamoja na uzito wake, na θ iliyochaguliwa. Mikunjo na modeli huwekwa kwenye hifadhi ya wazi ya SASBDB. Weka pia ile mikunjo ya kila ukolezi, si ile moja iliyounganishwa tu, ili anayetilia shaka bafa yako aweze kuitoa upya mwenyewe.